Kioo cha gemu chumbani kwa bi harusi

Orodha ya vyombo vya bi harusi imebadilika. Zamani ilikuwa kitanda, kabati na masufuria. Sasa kijana anakwambia chumbani lazima kiwepo kioo cha kompyuta cha OLED, cha kuchezea gemu. Sina ugomvi na gemu, ilimradi adhana ikitolewa mtu ananyanyuka. Ugomvi wangu ni pale kioo kinaponunuliwa kwa kumsikiliza mchezaji peke yake, wakati mchana kutwa atakayekitazama ni mke mwenye biashara yake: oda za wateja, hesabu, picha za magauni. Tena wakati mwingine hela inatoka kwenye mahari. Mahari ni mali ya mwanamke. Akiitoa kwa ridhaa yake, basi na sauti yake isikike.

Vioo viwili ninavyosikia vikishindanishwa ni LG 27GR95QE na AW2725DF ya Alienware, ambayo ni ya Dell. Vyote ni vya inchi 27 hivi. OLED maana yake kila nukta inawaka na kuzimika yenyewe, hakuna taa nyuma, ndiyo maana nyeusi yake inakuwa nyeusi kama baibui jipya. Huko Marekani LG ilitoka na bei ya dola 999, na Alienware ya mwaka 2024 ikatoka na dola 899 na senti. Hapo bado usafiri na ushuru. Fundi mwenzangu anajua hela hiyo inaleta cherehani ngapi.

Mwanaume atakwambia Alienware ndiyo yenyewe kwa sababu inabadilisha picha mara 360 kwa sekunde, na LG mara 240 tu. Muulize anachezea nini. Kama ni PS5, mashine hiyo mwisho wake ni mara 120. Zinazobaki atakuwa amezilipia bure, na israfu tunaijua hukumu yake. Kama ana kompyuta kubwa ya gemu, hapo ana hoja.

Mimi naangalia mwanga. Alienware inatumia kioo cha Samsung cha aina ya QD-OLED. Usiku, pazia limefungwa, hakuna kinachoifikia kwa rangi. Lakini mwanga wa dirishani ukiipiga, ile nyeusi inageuka kijivu chenye uzambarau kidogo. LG uso wake haung'ai, nyeusi yake inavumilia mchana vizuri zaidi, ingawa mwanga wake wenyewe ni hafifu kidogo kuliko wa mwenzake. Huku Songea tunafungua madirisha ili tuone uzi, na nyinyi wa visiwani mnafungua mpate upepo. Kwa chumba cha namna hiyo mimi ningechukua LG, meza nikaiweka ubavuni mwa dirisha, si mbele yake.

Rangi nazo zina mtego. Vioo hivi vinakoleza, hasa nyekundu na kijani. Unamwonyesha mteja kitambaa chekundu kwenye kioo, anakipenda, siku ya kuchukua gauni anasema si chenyewe. Kwenye mipangilio kuna hali inayoitwa sRGB. Iwasheni wakati wa kazi, gemu likianza mwenye gemu airudishe anavyotaka. Na kwa maandishi, vyote viwili vina kasoro: ukikodoa macho utaona kirangi pembeni mwa herufi. Ambaye kazi yake ni kuandika na kupiga hesabu tu, LCD ya kawaida itamtosha na chenji itabaki.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kitu kikikaa palepale kwenye OLED kwa muda mrefu, kama ule mstari wa chini wa Windows, kinaweza kuacha alama isiyofutika. Kujikinga, kioo chenyewe hufanya usafi wake wa ndani baada ya kutumika kama saa 4, na hufanya hivyo kikiwa kimezimwa kwa kitufe chake huku umeme bado upo. Sisi tunafanya nini? Tunazima ukutani na kuchomoa plagi, tunaogopa yuniti za LUKU, na nyinyi za Tukuza. Songea tuliungwa gridi ya taifa mwaka 2018 kwa laini ya Makambako, kabla ya hapo ni majenereta, na mazoea yale bado tunayo. Kioo hiki kinataka kinyume chake. Kizimwe kwa kitufe, kiachwe dakika kadhaa, ndipo mtu achomoe. Mstari wa chini ufichwe, na picha ya nyuma iwe nyeusi. Picha ya harusi wekeni ukutani.

Alienware ina sifa moja ninayoikubali: waranti ya miaka 3 inayohesabu hata hiyo alama. Ila waranti ya kioo kilichonunuliwa Dubai na kuletwa na shemeji kwenye begi, nani ataishughulikia Chake Chake au Songea? Kabla hela haijatoka, bi harusi amuulize muuzaji kioo kikipata alama kinarudishwa wapi, na nauli ya kukirudisha analipa nani. Jibu liandikwe kwenye risiti, na risiti atunze yeye.