Acheni Kubana Sahani ya Mjamzito

Kuna sifa moja ambayo wanawake wa mjini humwagiana bila kuifikiria: "Fulani ana akili sana, vitu vyote vya mtoto kavinunua kwa hela ya matumizi, mume hajui hata ilitoka wapi." Husemwa saluni, husemwa kwenye makundi ya WhatsApp, na siku ya shughuli ya kumpongeza mjamzito husemwa kwa kipaza sauti mbele ya keki. Vigelegele vinapigwa. Mimi nikiisikia huwa natamani kuwaharibia watu starehe kwa swali moja: hela hiyo ilikuwa ya kununua nini, na hicho ambacho hakikununuliwa kilitoka kwenye sahani ya nani?

Tuifuate. Nyumba nyingi za Dar es Salaam baba huacha asubuhi shilingi 10,000, wengine 7,000, ndiyo ya unga au mchele, mboga, mafuta, mkaa na sabuni. Mkaa haupunguziki, chakula hakitaiva. Unga haupunguziki, watoto watalia. Sahani ya baba haiguswi, kila mtu anajua kwa nini. Kinachobaki cha kukatwa ni kitoweo cha yule anayepika, na huyo ndiye mwenye mimba. Vipande vitatu vya nyama vinakwenda kwa wengine, yeye anachovya ugali kwenye mchuzi. Mafungu mawili ya dagaa yanakuwa moja. Matunda yanafutwa kabisa, kwani tangu lini chungwa likashibisha? Leo 1,000 inadondoka kwenye kibubu, kesho 500, na mimba ikifika miezi saba kibubu kinavunjwa, safari ya Kariakoo inaanza: beseni, shali, chandarua cha mwavuli, kimto, seti za kofia na soksi. Mwenye uwezo kidogo anamalizia na kigari cha kusukuma.

Mnaita hiyo akiba. Mimi naona mtoto amenyang'anywa chakula akanunuliwa soksi. Maana yeye yuko mezani tangu wiki za kwanza, anakula kila anachokula mama na kukosa kila anachokikosa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kudumaa hakusubiri siku mtoto aanze uji. Kwa wengi huanzia tumboni. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza au mitatu ya mwisho. Mwanamke wa namna hiyo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mwili wake hauna cha ziada cha kupoteza. Akiba hiyo ya damu haiuzwi Kariakoo.

Najua jibu lililo tayari: kliniki wanatoa vidonge. Wanatoa, na vinywewe kila siku, hata vikichafua tumbo na choo kikawa cheusi. Lakini kidonge kile kina madini ya chuma na foliki asidi. Hakina maharage, hakina samaki, hakina yai. Tena mama anayekimeza huku akishushia na chai ya rangi anakipunguzia kazi, na yule anayetuliza njaa kwa kutafuna udongo wa pemba anakipunguzia zaidi.

Nimetaja yai. Zipo sehemu za nchi yetu ambako mjamzito huambiwa asile mayai, eti mtoto atazaliwa kipara. Ni mwiko wa ajabu kweli, kwa sababu haumzuii baba. Yai moja kwa siku kwa miezi sita ni trei sita. Kaulizeni bei ya trei sita, halafu kaulizeni bei ya kigari kipya ambacho kitasukumwa kwenye mchanga wa Mbagala siku mbili, kisha kigeuke kabati la nguo chafu wakati mtoto yuko mgongoni ndani ya kanga.

Kwa nini basi tunanunua kigari? Kwa sababu kinaonekana. Wifi akija atafungua begi, mama mkwe atahesabu nepi, majirani watataka kuona beseni. Hakuna mgeni atakayeomba kuona kipimo cha damu. Mwanamke aliyefika leba na shali tatu na damu gramu nane anasifiwa kwa kujiandaa. Aliyefika na kanga za zamani zilizofuliwa vizuri na damu ya kutosha, anasengenywa.

Sisemi watu wasibane. Wabane, tena wabane sana, ila wabanie vitu. Kichanga hana makuu. Miezi sita ya mwanzo anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi, kwa hiyo chupa na makopo ya maziwa ya unga yasiingie kwenye orodha kama daktari hajaagiza. Nguo zake kazitafuteni mitumba ya Karume. Nyingi hazijachakaa kwa sababu aliyezitangulia alizivaa wiki chache tu akanenepa. Kitanda cha mtoto wa dada kiazimwe. Kimto kiacheni dukani, wataalamu wa usalama wa watoto hawataki kiwe karibu na kichanga aliyelala. Na kile kiti cha magurudumu cha kufundishia kutembea, Canada ilipiga marufuku kukiuza tangu 2004 kwa jinsi kinavyoangusha watoto kwenye ngazi. Pampasi mwanzoni hufika nane kwa siku, yaani 240 kwa mwezi, kwa hiyo tumieni nepi za kitambaa mchana, pampasi usiku.

Mambo mawili hayakwepeki. Sera inasema uzazi katika hospitali za umma ni bure, lakini kila mama anajua ataambiwa aje na glavu, pamba na kanga safi. Vinunuliwe mapema. Na iwekwe hela ya usafiri, kwa sababu uchungu hauchagui saa na bajaji ya saa nane usiku hujipangia bei yake.

Hela hizo zitoke wapi? Zitoke kwa baba, zikiwa na fungu lake, mbali na zile anazoacha mezani asubuhi. Mwanaume anayejivunia mke "anayejua kubana" ajiulize kwa nini mtoto wa watu wawili ananunuliwa vitu kwa kitoweo cha mmoja. Mwanamke huiba kwenye hela ya kula kwa sababu ndiyo pekee inayopita mikononi mwake. Apewe nyingine.

Na ile kamati ya shughuli, inayochangisha sare na ukumbi, iongeze mstari mmoja kwenye tangazo lake: zawadi zinazopokelewa ni kilo tano za maharage, sado ya dagaa, trei ya mayai. Zipelekwe mimba ikiwa ya miezi minne, kabla ya keki. Anayeona haya kubeba dagaa mbele ya watu atume hela kwa simu, aandike "ya mayai".