Usilale Kama Mwenyeji

Ukienda Venice, wacha kutafuta kihoteli "chenye roho." Najua nitarukiwa. Wasee wanaopenda kusafiri walishakubaliana kwamba hoteli kubwa ni ushamba, na hoteli ndogo ya vyumba sita, yenye boriti za mbao na dirisha linalotazama mfereji, ndiyo ustaarabu. Wanavilinganisha usiku kucha: hiki kina taa za kioo cha Murano, kile kiko Cannaregio, mtaa wa "wenyeji halisi."

Wenyeji gani, jamani? Mwaka 1951 mji wa kale wa Venice ulikuwa na watu kama 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Karibu na daraja la Rialto kuna duka la dawa lililoweka kibao cha tarakimu dirishani, kinaonyesha wakazi waliobaki. Na mwaka 2023 wanaharakati wa makazi wa hukohuko walihesabu vitanda vya wageni wakakuta vimewapita wakazi.

Sasa jiulize vitanda hivyo viliwekwa wapi. Venice ni visiwa. Hakuna ploti ya kusimamisha ghorofa kumi na tano kama Kilimani. Ukitaka chumba cha mgeni, mara nyingi unakitoa ndani ya nyumba ya mtu. Danieli, lile hoteli la matajiri, lilifunguliwa 1822. Kama kuna mtu lilimhamisha, alishakufa kitambo. Lakini kale kavyumba kazuri kenye "haiba ya kinyumbani" ni ka kinyumbani kwa sababu kalikuwa nyumba.

Hayo maneno nayajua. Nimelipwa kuyaandika, nikiwa kwa bedsitter Rongai, kuhusu miji ambayo sijakanyaga. Mteja anatuma picha kadhaa na orodha ya maneno ya lazima: haiba, utulivu, kama mwenyeji. Hakuna anayeniuliza jengo lilikuwa la nani. Ndiyo maana vihoteli vyote vinasomeka sawa, hata uvilinganishe mpaka jogoo awike.

Utaniambia hoteli ndogo ni ya familia, pesa inabaki pale. Zingine, ndiyo. Kuna mama anayeishi orofa ya juu na kukodisha vyumba viwili vya chini. Huyo mpe pesa yako bila kuuliza. Ila udogo pekee si ushahidi. Vyumba sita vinaweza kuwa vya kampuni yenye mia moja mtaani. Angalia anayekufungulia mlango: ni mtu, ama ni namba za siri kwa simu?

Na jiji lenyewe linamwadhibu nani? Tangu 2024, siku zenye msongamano, anayekuja asubuhi na kurudi jioni analipa ada ya kuingia; mwaka 2024 ilikuwa euro 5. Anayelala mjini hatozwi hiyo. Yaani mgeni aliyeshuka treni, akatembea, akala mkate wake akaenda, huyo ndiye tatizo. Aliyelala palipokuwa sebule ya nyanya ya mtu anapita.

Mimi ningelala Mestre, ng'ambo ya daraja la reli. Hakuna mfereji dirishani, kuna stesheni, supamaketi na mafleti ya kawaida tu. Hata mwandishi hodari hawezi kupaita pana haiba. Mifereji utaikuta asubuhi, dakika kumi hivi kwa treni.