Lori Likikataa Kuwaka, Usikimbilie Mshahara wa Dereva

Ndugu wanachama wa Thika na Ruiru,

Nataka kusema juu ya jambo ambalo madereva wengi wanalijua. Alfajiri dereva anapanda lori, anazungusha ufunguo, na lori halisemi neno. Mkubwa wa gereji anakuja mikono mitupu, hana hata mita. Anasema, "Uliacha taa usiku. Umeua betri." Mwisho wa mwezi pesa ya betri imekatwa.

Hivyo ndivyo ilivyompata mwenzetu mmoja wa Ruiru, aliyekuwa akibeba mawe ya Ndarugo. Alilipishwa betri mbili. Zikafungwa, na baada ya siku nne lori likakataa tena. Ikabadilishwa starta, akaambiwa ailipe pia. Lori likakataa mara ya tatu. Siku hiyo nilikuwapo, nikaingia chini. Waya mnene uungao injini na chasisi ulikuwa umeliwa na kutu, zimebaki nyuzi chache. Tulifunga mwingine na injini ikashika mara moja. Bei ya waya ule haifiki robo ya bei ya betri moja. Na kutu haiji kwa usiku mmoja, wala dereva hakuileta.

Ndugu, umeme haupimwi kwa hasira. Una njia yake, nayo ni hii.

Funga breki ya mkono, weka gia huru, na mtu asivute sigara karibu na betri, maana hewa yake hulipuka. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12. Zikiwa zimejaa na kupumzika, mita husoma kama volti 25.4. Ikisoma 24, zina njaa. Zichajiwe kwanza, ndipo upime tena.

Kisha mwenzako azungushe ufunguo nawe utazame mita. Ikianguka chini ya 19, ama betri zimechoka, ama starta inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki juu na injini haizunguki, umeme haufiki. Fuata vichwa vya betri, waya, fyuzi na swichi ya ufunguo.

Waya wa chasisi hupimwa hivi: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, ufunguo ukizungushwa. Ikizidi nusu volti, ubovu uko njiani hapo. Kipimo hiki kingemwokoa mwenzetu siku ya kwanza.

Injini ikizunguka kwa nguvu bali haishiki, ziache betri. Tazama dizeli, na ile swichi ya umeme ifunguayo njia ya mafuta. Lori likisha kuwaka, mita ipande kufika kama 28. Ikibaki 25, altaneta haichaji, na hata betri mpya zitakufa.

Kazi yote hii haifiki saa moja. Basi kwa nini mtu akatwe mshahara kabla haijafanywa?

Sisemi kwamba madereva wote ni malaika. Wako waachao taa na redio usiku kucha, na hao waonywe. Lakini betri iliyoishiwa kwa taa za usiku mmoja kwa kawaida huchajiwa ikarudi kazini. Si lazima inunuliwe mpya. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la kukusudia. Kutu haina kusudi.

Maoni yangu ni haya. Kila gereji iwe na mita. Vipimo viandikwe, dereva na fundi watie sahihi, na pasipo karatasi hiyo pasiwe na kukata. Nawe dereva, ukiona starta inavuta kwa uchovu au taa zinafifia, andika katika daftari siku ile ile, ubaki na nakala. Ukikatwa, ipeleke kwa mwakilishi wa chama. Usiende peke yako.

Nanyi mafundi, msikubali kutumiwa kumsingizia dereva. Fred Kubai, aliyewaongoza wafanyi kazi wa usafiri, na Makhan Singh walipounda muungano wa vyama vya wafanyi kazi tarehe 1 Mei 1949, walijua kwamba tajiri hushinda tunapogawanyika. Leo dereva analipia betri. Kesho fundi ataambiwa alipie starta aliyoifunga.

Kwanza tupime. Ubovu utajionyesha wenyewe.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Fundi wa umeme wa motokaa, Thika