Kanada: kerlingi ni mchezo rasmi wa Saskatchewan, lakini vijijini nani atatengeneza barafu?

Machi 2024, jumba kubwa la michezo la Regina, mji mkuu wa jimbo la Saskatchewan, lilijaa watu. Ilikuwa fainali ya Brier, mashindano ya kerlingi ya wanaume wa Kanada nzima. Ekipe ya wenyeji ilishindwa na ile ya Brad Gushue, bingwa wa mwaka uliotangulia. Jimbo hilo lilikuwa limekaa miaka 44 bila kombe, tangu Rick Folk alipolichukua mwaka 1980.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ekipe mbili za watu wanne zinasukuma mawe ya karibu kilo 20 juu ya barafu, kwenye njia ya mita 45 hivi. Jiwe likiwa linateleza, wenzako wanasugua barafu mbele yake kwa mafagio ili liende mbali zaidi au lisipinde sana. Anayekaribia katikati ya duara ndiye anayepata pointi. Vijijini hakuna refa, watu wanahukumiana wenyewe, na desturi inataka mshindi amnunulie kinywaji aliyeshindwa.

Saskatchewan ni jimbo la ngano, na wakati wa baridi shamba limelala. Mkulima alikuwa na miezi mingi ya kukaa, na barafu haikukosekana. Ndiyo maana vijiji vingi vilijenga ukumbi wa kerlingi wenye njia mbili au tatu, si mbali na ghala la nafaka. Huko ndiko walikotokea mabingwa. Ekipe ya Ernie Richardson, iliyoanza na watu wa familia moja, ilishinda Brier mara nne kati ya 1959 na 1963. Sandra Schmirler, mtoto wa mji mdogo wa Biggar, alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Nagano mwaka 1998, kisha akafariki kwa kansa miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 36. Mwaka 2001 jimbo likautangaza kuwa mchezo wake rasmi.

Tangazo hilo halikurudisha wakaaji. Mwaka 1936 Saskatchewan ilikuwa na mashamba karibu 142,000. Hesabu ya 2021 ilikuta kidogo zaidi ya 34,000. Shamba moja leo limemeza majirani wake. Treni ikaacha kupita, ghala likabomolewa, shule ikafungwa. Kilabu kinabaki mwisho, kwa sababu kinaendeshwa na watu wa kujitolea: wa kumwaga maji, wa kupika, wa kuuza tiketi. Ni kama salongo, lakini salongo bila vijana inachosha wazee haraka.

Kuna pia mashini ya kugandisha barafu. Nyingi zinatumia amonia, na zikizeeka zinahitaji makuta mengi na ukaguzi wa kweli. Mwaka 2017 huko Fernie, katika jimbo la British Columbia, amonia ilivuja kwenye uwanja wa barafu na kuua wafanyakazi watatu. Kamati ya kijiji ikikumbuka hilo haiwezi kuchezea matengenezo.

Huko juu, mchezo umekuwa kazi. Mike McEwen aliyeongoza Saskatchewan 2024 alitoka Manitoba, jimbo jirani, na sheria iliruhusu. Simlaumu, anayetafuta Olimpiki hutafuta wenzake popote. Ila ushindi wake usingeongeza hata mtu mmoja wa kumwaga maji kijijini.

Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili wamepokelewa Regina, Saskatoon na Winnipeg, na vilabu vya miji hiyo hupanga siku za kuwaonjesha wageni mchezo. Ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba wageni wanakaa mjini, penye kazi na shule, wakati barafu inayokosa watu iko mbali, kwenye barabara ambayo hata basi haipiti.