Msitugongee 98 usoni



Najua nitatukanwa kwa haya, lakini acha niseme. Wiki mbili zimepita tangu shindano letu la picha za "mtindo wa kizamani". Unapiga kwa simu, unapitisha kwenye programu ya filta, unatuma, na mwenye laiki nyingi anapewa bando. Picha zilitumwa nyingi na nyingine nzuri kweli, sitakataa. Dada anasuka mwenzake mlangoni, rangi yote imekuwa kama chai ya maziwa. Watoto kwenye bomba la maji, mwali mwekundu umekata kona kana kwamba filamu imeingiwa na jua. Na chini kulia, kwa namba za rangi ya chungwa, tarehe: '98.

Hapo kwenye tarehe ndipo ugomvi wangu ulipo.

Mwaka 1998 wewe uliyetuma ulikuwa wapi? Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Lakini wazee wetu walikuwepo. Tarehe 2 Agosti mwaka ule vita ya pili ilianza kule kwetu. Kasika ilikuwa mwezi uleule. Makobola ikafuata siku za kufunga mwaka. Humu Nyarugusu kuna watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakati huo na mtoto mgongoni, sufuria mkononi, basi. Wengine walitangulia tangu 1996, kambi ilipofunguliwa. Waulize kama wana foto yoyote ya 98. Mama yangu hana hata moja. Albamu ilibaki kwenye sanduku chini ya kitanda, Baraka, na hakuna anayejua ilipoishia. Sura ya babu naijua kwa kuambiwa: "Alikuwa na paji kama lako, akicheka anafunga jicho moja." Ndiyo foto yangu ya babu hiyo.

Sasa kuna programu, watu waliyoitengeneza kwao 98 ni mwaka wa kamera za plastiki na likizo ya ufukweni, inakuja kuugonga mwaka uleule kwenye uso wa mtoto aliyezaliwa juzi humu kambini. Na sisi tunapiga makofi. Mwaka ambao wazazi wetu wangetoa chochote kupata picha moja ya kweli, sisi tunautengeneza wa uongo, bure, kwa bando.

Mtasema nakuza kitu kidogo. Ngoja niwaambie kilichonifikisha hapa, na mkosaji kwenye hadithi hii ni mimi mwenyewe.

Jirani yetu mmoja, mama mzee, tulikuwa tunamwita Nyanya wote, alifariki msimu wa mvua uliopita. Mwanawe wa kike yuko Marekani, aliondoka kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, hajamwona mama yake miaka mingi. Akaomba kitu kimoja tu: foto nzuri ya mama, aichapishe kubwa, waiweke mezani siku ya matanga kule. Wajukuu wakatafuta nyumba nzima. Walipata kapicha kadogo kama ukucha kwenye karatasi ya familia, kamefifia kwa kukunjwa. Halafu mmoja akakumbuka: "Si yaya wa kujitolea alimpiga siku ile ya vijana?" Yaya huyo ni mimi.

Kweli nilimpiga. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ananiangalia moja kwa moja. Foto bora niliyowahi kupiga. Lakini niliipiga ndani ya programu, na simu yangu ilikuwa imejaa, kwa hiyo kilichobaki ni nakala moja, ile iliyopakwa. Kitenge kimekuwa cha kijani. Mwali wa uongo umepita juu ya jicho la kushoto. Shavu la kulia, lile lenye alama ya kuzaliwa ambayo kila mtu alimjua nayo, limemezwa na kivuli. Na '98 kwenye kona.

Nikatuma, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Jibu likaja kesho yake kwa sauti, na wajukuu walinipa simu nisikilize. Dada alisema asante. Akauliza: "Hii mliitoa wapi? Ni ya zamani? Mbona 98 mama hakuwa mzee hivi? Nilikuwa naye 98, tulikuwa porini." Halafu akanyamaza, nafikiri alielewa. Akaomba kama kuna nyingine ambayo jicho linaonekana.

Hakuna.

Basi tangu siku ile nimekuwa nasoma hizi filta zilitoka wapi, kwa sababu nilitaka kujua nimemfanyia nini yule mama. Hipstamatic ilitoka mwishoni mwa 2009, Instagram ikafuata Oktoba 2010 na filta zake, moja iliitwa kabisa 1977. Walichouza ni magonjwa ya picha za zamani. Rangi kuwa njano, kingo kuwa nyeusi, mwanga kupenya kwenye mwili wa kamera mbovu. Foto za rangi za miaka ya sabini zina ile hali kwa sababu dawa zake za rangi zilififia. Ni kama mtu anayejichora makunyanzi ili aitwe mzee. Hata ile rangi ya kahawia ya foto za kale kabisa, watu wa studio waliitia makusudi: fedha iliyo kwenye karatasi ilikuwa inageuzwa kwa dawa ya salfa ili picha idumu zaidi. Wale walitafuta kudumu, rangi ikaja yenyewe. Sisi tunachukua rangi tunaacha kudumu.

Na kuna kingine kiliniuma zaidi. Zile filamu tunazoziiga hazikutengenezwa kwa ngozi zetu. Kwa miongo kadhaa Kodak walipima rangi sahihi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika habari hii kwa kirefu. Mweupe na mweusi wakikaa foto moja, mweupe anatoka vizuri, mweusi anabaki meno na macho. Roth anaeleza kwamba moja ya vitu vilivyowasukuma Kodak kurekebisha ni malalamiko ya wauza samani na wauza chokoleti, kwamba rangi za kahawia hazitoki vizuri. Samani na chokoleti, jamani. Halafu simu za leo zimeanza kujua kupiga uso mweusi, na sisi tunalipa bando ili kurudisha ule ubovu. Shavu la Nyanya halikupotea kwa bahati mbaya. Filta inayozamisha vivuli inazamisha sisi kwanza.

Zile za kuiga Polaroid ndiyo usiniambie. Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, kamera za Polaroid zilitumika kupigia picha za vitambulisho ambavyo mtu mweusi alilazimishwa kutembea navyo. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua mwaka 1970 wakaanzisha mgomo, na kampuni iliondoka kabisa Afrika Kusini mwaka 1977. Sisi wenye maisha ya karatasi na kitambulisho tungekuwa wa kwanza kuikumbuka habari hiyo.

Ndugu yangu mmoja wa kundi, tulibishana naye hadi usiku, aliniambia: "Kwa hiyo mkimbizi asijipendezeshe? Wengine wacheze na rangi, sisi tubaki na picha za kadi?" Swali zuri. Hapana, sisemi hivyo. Selfi yako ni yako, ipake hata zambarau. Harusi ikiwa na filta, sawa, mradi ipo na isiyo na filta. Yeye pia alinitajia Damon Winter, mpiga picha wa New York Times, aliyepiga askari wa Marekani Afghanistan kwa simu na Hipstamatic mwaka 2010, akapewa tuzo, na wakubwa wa kazi hiyo wakagombana sana kama ni haki. Mimi nikamjibu: wale askari wana foto ngapi nyingine? Wana za shule, za ubatizo, za jeshi, za nyumbani. Moja ikipakwa rangi, hakuna kilichopotea. Na ile gazetini ina maelezo chini yake, nani, wapi, lini. Ya Nyanya ilikuwa moja tu, na lini yake nimeiandika uongo.

Mnamjua na yule Mwairlandi, Richard Mosse? Alikuja Kivu zote mbili na filamu ya Kodak inayoitwa Aerochrome, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi ili kumwona aliyejificha kwenye majani. Majani mabichi yote hutoka ya waridi. Milima yetu ikawa ya waridi, ikaonyeshwa Venice mwaka 2013. Nimeziangalia hizo picha kwenye simu muda mrefu na sijui kumchukia. Alieleza wazi filamu ni ya nini na kwa nini anaitumia, alitaka watu waione vita waliyoizoea kutoiona. Lakini nilipomwonyesha Mama alitafuta mlima anaoujua, akatafuta, akarudisha simu. "Huku si kwetu. Kwetu ni kijani." Alikuwa hana ya kijani ya kulinganisha nayo.

Ninyi wa mashirika, msifikiri mmepona. Mgeni mmoja, shirika lake naliacha, alipiga vijana wa ushonaji wakiwa wanacheka, vitambaa rangi saba mezani. Kwenye ripoti wakatoka weusi na weupe, wamekatwa, kamebaki kakona ka uso mmoja unaoangalia chini. Kuondoa rangi pia ni filta. Inamwambia mfadhili kwamba hawa watu ni wa zamani, ni wa huzuni, hawana leo. Mkitupiga, tuachieni nakala. Hiyo ndiyo asante tunayoitaka, kuliko kutiwa saini karatasi ya ruhusa ambayo nusu yetu hatukusomewa.

Kuhusu vifaa nitasema haraka kwa sababu mnapenda kuniuliza. Taa ya duara ni nzuri kwa anayetengeneza video, ila inakula chaji na unajua foleni ya kuchaji ilivyo. Mkalishe mtu mlangoni saa kumi na moja jioni, mwenzako ashike shuka jeupe upande wa kivuli, umemaliza. Lenzi za kubana kwenye simu: ile pana inavuta pua, msimpigie nayo mzee. Stendi inafaa, lakini tofali na kipande cha mpira wa baiskeli vinafanya kazi ileile. Futa kamera kwanza, vumbi letu jekundu ni filta tosha. Na ukipiga mtu mweusi nje kwenye jua, gusa uso wake kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kidogo, simu isidanganywe na anga nyuma yake.

Kama una hela ya kifaa kimoja, nunua memori kadi. Piga kwa kamera ya kawaida ya simu, hifadhi hiyo, halafu nakala ndiyo uipeleke kwenye filta. Faili ya asili ina tarehe na saa ndani yake. Ukiituma WhatsApp kama picha inabanwa na hayo yanafutwa, ukiituma kama dokumenti yanabaki. Lakini zima kwanza ile ya kurekodi mahali, hasa kwa wale ambao kuna watu wanawatafuta. Na kadi ya pili ikae nyumba nyingine, mnajua nyumba zetu zinavyofanyiwa na mvua na moto.

Shindano lijalo mimi sitatuma kwenye zile filta, mnitoe kwenye kundi mkitaka. Jumamosi hii nitakuwa nje kwa Mama yangu kuanzia saa kumi, nina shuka, nina kiti cha plastiki, na daftari la kuandika jina, kijiji alichotoka na tarehe ya siku hiyo. Leteni wazee wenu. Wasiovaa miwani siku zote waivue. Kitenge kizuri waje nacho, kitatoka na rangi yake.