Jua Halimngoji Mpiga Picha

Sisi watu wa bara tupatapo likizo hutamani kuiona bahari na kurudi na picha. Mwezi Desemba uliopita nilikwenda Mombasa pamoja na mdogo wangu, ambaye ni askari, na watoto wake. Tulifika ufukwe wa Bamburi saa kumi na mbili na nusu, saa ambayo kwetu Kampala ndipo kunapopambazuka. Nikawasimamisha, bahari ikiwa nyuma yao. Picha zilipendeza kwa mawingu na maji, lakini nyuso zilikuwa nyeusi. Wiki iliyofuata mdogo wangu akarudi kazini, mbali.

Makosa yangu yalikuwa mawili. Kampala na Mombasa hufuata saa moja, lakini Mombasa iko mashariki zaidi kwa nyuzi 7 hivi. Kwa hiyo jua hutangulia huko kwa karibu nusu saa. Tena, ufukwe ule umeelekea mashariki: aipaye bahari mgongo asubuhi, hulipa na jua pia, na uso wake humezwa na kivuli.

Basi, fika kabla ya saa kumi na mbili, mwanga ungali mwororo. Jua likichomoza, wewe mpiga picha ulipe mgongo, nao walielekee. Futa chumvi kwenye kioo cha kamera au simu. Mvuvi muombe idhini kwanza.

Baba akiwa lindoni, watoto huitazama picha. Na wauone uso wake, si kivuli.