Usidanganywe na ukubwa wa spika

LEO tuingie sebuleni. Huenda umechoka na redio yenye spika za plastiki, unataka kujiundia sanduku lako mwenyewe, na pesa ulizo nazo ni za spika mbili tu, moja ya kulia na moja ya kushoto. Basi unachotafuta ni spika ya sauti zote. Hii haingoji wufa ilete mdundo na twita ilete sauti nyembamba. Koni moja hufanya karibu kazi yote.

Uzuri wake ni huu. Katika masanduku mengi ya wufa na twita, sauti hugawanywa kwenye masafa ya hezi 2,000 hadi 3,000 hivi, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi mno. Neno moja la mwimbaji husemwa na midomo miwili. Spika ya sauti zote haina mgawanyo huo, ndiyo maana msomaji wa taarifa ya habari husikika kana kwamba ameketi nanyi mezani.

Swali ni ununue ipi, na mimi nililijibu vibaya. Niliingia duka moja jijini nikatoka na mbili za inchi nane, zenye koni ndogo katikati ya ile kubwa, na kibandiko kilichojisifu mamia ya wati. Fundi akanipigia masanduku madogo ya kuweka rafuni. Nilipowasha, gitaa la benga lilikata masikio kama wembe, na besi haikuwepo kabisa. Mama watoto alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akauliza kama hizo ndizo pesa za mtungi wa gesi. Ndizo zilikuwa, jameni.

Kosa langu utaliona ukilinganisha spika mbili za Fostex, kampuni ya Japani. FE206En ni ya inchi nane, na ukiipa wati moja hutoa desibeli 96 umbali wa mita moja. FE103En, ya inchi nne, hutoa 89. Tofauti ya desibeli saba si mchezo: ile ndogo hutaka nguvu mara tano ili ilingane na kubwa. Mwenye amplifaya ya valvu yenye wati chache ana sababu ya kupenda ile kubwa. Lakini koni yake ni nyepesi na sumaku yake ina nguvu mno, hivyo ukiifungia katika sanduku dogo mdundo hupotea. Hutaka pembe ndefu iliyokunjwa ndani ya sanduku kubwa, na sanduku hilo utaliweka wapi katika nyumba ya chumba kimoja? Tena koni pana hurusha sauti nyembamba mbele tu, kama tochi. Aliye katikati ya kochi anafaidi, aliye pembeni anaambulia makombo.

Ya inchi nne hutawanya sauti vizuri zaidi. Udhaifu wake uko chini: FE103En huanza kuchoka ikifika hezi 83 hivi, ilhali waya mnene kabisa wa gitaa la besi hulia hezi 41. Noti utaitambua, kishindo hutakipata. Na usijaribu kukilazimisha, kwani kushuka kutoka hezi 80 hadi 40 kwa sauti ile ile huitaka koni isafiri mara nne zaidi. Itakoroma. Alpair 7 ya Markaudio, yenye koni ya chuma, husafiri mbali zaidi na kushuka chini zaidi, ila nayo hudai amplifaya yenye nguvu kidogo.

Kwa nyumba zetu za kupanga, mimi nachagua inchi nne bila kusita. Ukiwa umeketi mita mbili kutoka kwake, wati chache zatosha kumfanya jirani agonge ukuta.

Ukienda dukani, beba wimbo unaoujua kwa moyo na sauti ya mtu akizungumza. Sikiliza ukiwa mbele, kisha sogea kando. Uliza desibeli kwa wati moja, achana na kibandiko.

Zile zangu za inchi nane zingali juu ya kabati. Juzi kifungua mimba wangu alizishusha, akazipangusa vumbi, akaniuliza plaiwudi ni pesa ngapi.